Wimbo hautumwi, husindikizwa

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikaurudia asubuhi nikingoja uji uive. Swali lako fupi: kwenye kundi lenu la wapenda muziki kila mmoja mwezi huu anawapa wenzake albamu moja ya sikukuu, nawe umekwama kati ya Jim Reeves na Boney M. Uwape ipi?

Unajua nyumba hii ilivyogawanyika. Baba yako hakungoja hata nimalize kusoma, alishatamka jina la mtu wake. Hoja zake unazijua: nyimbo 12 za mwaka 1963, sauti iliyotulia, hakuna kinachomharakisha msikilizaji. Kisha hufika pale pa ajali ya ndege, Julai 1964, na kwamba ile ya 1963 ndiyo ikawa Krismasi ya mwisho ya Jim Reeves. Kila akifika hapo sauti humbadilika, miaka yote hii. Mimi upande wangu ni Boney M, ile ya 1981, na hilo nalo unalijua.

Lakini kabla ya kuniuliza ipi, ningependa uniambie utawapaje. Mwaka jana uliwabandikia albamu nzima, ukaandika chini yake "nzuri sana, sikilizeni". Watu wawili wakakujibu kwa kidole gumba, wengine kimya. Hukuniambia kwamba uliumia, lakini nilikuzaa mimi, nilisikia.

Wimbo hautumwi, mwanangu. Wimbo husindikizwa. Mgeni ukimpeleka kwa watu wasiomjua, unafika naye mpaka mlangoni, unapiga hodi, unasema huyu ni nani na kwetu alifikaje. Ndivyo alivyofanya yule rafiki yako wa Manila alipowapa albamu ya Jose Mari Chan ya mwaka 1990. Hakuwaambia ni nzuri. Aliwaambia kwamba kwao Krismasi huanza Septemba, na kwamba baba yake akiisikia tu dukani huanza kuhesabu siku za wanawe walioko ughaibuni kurudi nyumbani. Ukanipigia simu usiku ule ule kunisikilizisha. Mtu hujawahi kumtia machoni, na leo mimi hapa Tanga namjua baba yake.

Habari ya kanda umeisikia vipandevipande. Leo nikupe yote.

Marafiki wasioonana hawakuanza na intaneti. Sisi tulikuwa na rafiki wa kalamu, na tulikuwa na kadi za salamu. Unaandika majina ya unaowasalimu na wimbo unaoomba, unatuma redioni, halafu unangoja. Radio Tanzania ilikuwa peke yake huku bara mpaka 1994, kwa hiyo jina lako likisomwa, limesomwa nchi nzima. Huyu unayemwita mama mkubwa, wa Mwanza, alilisikia langu hivyo. Alipenda wimbo niliouomba, akanakili sanduku langu la posta, akaniandikia. Tukaandikiana miaka mitatu bila kuonana.

Mwaka 1985 mjomba wako alirudi na meli, ndani ya sanduku lake mna santuri ya Boney M aliyoinunua Hamburg. Nikaiazima kwa kuapa. Kanda tupu ya dakika 60 siku zile za uhaba haikuwa kitu cha kuokota. Nilitoa kitenge kipya, sijakivaa hata mara moja, ndipo nikaipata. Nikaenda kwa fundi wa kurekodi, Ngamiani, hapa hapa Tanga. Upande wa kwanza niliweka Krismasi. Upande wa pili niliweka taarabu ya vikundi vya hapa kwetu, Black Star na Lucky Star, maana mama yako mkubwa alikuwa akiniuliza kila barua Idi ya watu wa pwani inakuwaje. Fundi alikuwa na kipaza sauti, nikamwomba nizungumze kabla ya kila wimbo. Alisema nitapoteza nafasi ya wimbo mzima kwa maneno. Nikazungumza. Nilieleza mjomba wako alivyofungua lile sanduku, nyumba ikanuka bahari, na bibi yako akaomba kile kisahani kirudiwe mara nne. Nyumbani nikavunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda, asije mtu akarekodi juu yake. Nikamtumia kwa rejista.

Jibu lilikuja baada ya wiki nyingi. "Kanda imefika. Asante sana, dada." Hayo tu. Mtu aliyekuwa akiniandikia kurasa sita.

Mwaka 1988 kazi ikanipeleka Mwanza, kwa treni kutoka Dar, tukilala njiani. Alinipokea kama ndugu. Tulikula sato, tukacheka, na kote huko macho yangu yalikuwa juu ya redio, kwa sababu kanda yangu niliiona pale. Alipokwenda jikoni nikaichukua. Mwandiko wangu ulikuwa umekatwa kwa wino mwekundu, juu yake limeandikwa neno moja: BABA. Tundu la kijino kimoja lilikuwa limezibwa kwa karatasi ya gundi. Nilisikia joto la uso mpaka masikioni.

Akanikuta nimeishika. Hakusema kitu. Aliitia ndani ya redio akabonyeza.

Mwanangu, ilikuwa sauti ya mzee anayekohoa. Anawataja wanawe mmoja mmoja. Anataja deni la magunia mawili ya mpunga, na nani alipwe. Anasema anataka azikwe chini ya mwembe upi. Walikuwa hospitalini, kanda tupu haipatikani mjini, na muda mzee hakuwa nao. Alifariki wiki iliyofuata.

Ungesema nini? Nilisema pole, na ilikuwa pole ya kweli. Na usiku ule nililia, na sikumlilia mzee. Nililia kanda yangu. Nimebishana na nafsi yangu juu ya jambo hili miaka karibu arobaini. Sauti ya baba anayeaga haiwekwi mizani moja na nyimbo za santuri ya kuazima, najua. Mimi mwenyewe ningefuta kanda ya mtu yeyote ili nipate dakika kumi za bibi yako. Najua. Lakini angeniandikia! Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo: miaka mitatu alijua, akaniacha nikidhani zawadi yangu haikumgusa. Halafu nafsi inanijibu: angeandikaje? Angeanzia wapi? Sijapata jibu la swali hilo, na mwenyewe sijamuuliza.

Nikamuuliza tu kwa nini hakuchukua upande wa taarabu. Akasema mama yake alikataa katakata. Bibi yule hakuwahi kuiona bahari, na ule upande ulikuwa hauguswi.

Sasa sikia. Mzee hakuimaliza nusu saa. Alichoka. Sauti yake inakatika, kinasikika kishindo kidogo, halafu natokea mimi, katikati ya sentensi, msichana wa miaka 22 anayejikaza kusema Kiswahili cha redioni: "...kwa hiyo huu wa mwisho, rafiki yangu, usiusikilize peke yako." Kisha Boney M, ule wimbo wao wa mtoto wa Mariamu. Kila Krismasi nyumba ile husikiliza hivyo, baba, mimi, wimbo, na hakuna anayenyanyuka mpaka uishe. Watoto wake walikua wakiamini kwamba mimi nilikuwamo chumbani na babu yao.

Unaona nilipo? Ukiniuliza albamu ipi, mimi nasikia kikohozi cha mzee. Na wimbo huo huo Jim Reeves anao, katika zile 12 zake, kwa hiyo hata ugomvi wangu na baba yako ni wa nyumba moja yenye milango miwili. Wewe mwenyewe ulinisomea kwamba Jester Hairston, mjukuu wa watumwa kule Marekani, kwanza aliutunga kama wimbo wa siku ya kuzaliwa, kwa kuombwa na rafiki yake, na ndipo baadaye akaugeuza wa Krismasi, mwimbaji Harry Belafonte akaurekodi mwaka 1956. Ulianza kwa kusindikizwa. Nimekuwa nikisema.

Baba yako amesimama mlangoni anataka niandike jina la mtu wake. Siandiki. Wala la kwangu siandiki, ingawa mkono unawasha. Nikikuambia Boney M, utakwenda kwa wenzako na sababu yangu mdomoni mwako, na watajua. Wewe hukuwapo Ngamiani. Wewe ulikuwa unalala mapajani mwa baba yako Krismasi jioni, sikio kwenye tumbo lake, naye anaimba besi polepole asikuamshe. Huo wimbo ulikuwa wa nani, unakumbuka. Mimi nisiutaje.

Waambie hilo la tumbo la baba. Andika hata mistari mitano. Rafiki wa Manila ataelewa, na wale waliokujibu kwa kidole gumba pengine wana kumbukumbu zao wanazosubiri mtu aanze.

Jambo moja la mwisho. Mtoto wa mama yako mkubwa ameihamisha kanda ile kwenye simu, akanitumia mwezi uliopita. Nitakutumia usiku huu. Anza na mzee, usimruke, hata kama hujui anawataja akina nani. Nikianza kuongea mimi, mwite mtu yeyote aliye karibu akae nawe. Lakini usiiweke kwenye kundi. Sauti ile si yangu kuitoa. Ukitaka wenzako waisikie, namba ya mama yako mkubwa unayo. Mpigie mwenyewe, mwamkie vizuri, ongea naye kwanza habari za nyumbani, kisha umwombe.

Mama yako