Mdogo wangu wa Langoni, hayo makasha yatoe leo

Yatoe leo, kabla ya Isha. Nimesoma ulivyoandika: vijana wa Langoni na Mkomani mmeweka makasha madukani na kwenye hoteli za Shela ili kila mtu atumbukize dawa alizobakiza nyumbani. Yakijaa mtayavusha kwa boti hadi Mokowe, mkodi lori mpaka kambi za wakimbizi za Dadaab, mwagawie waliokimbia vita Somalia, na zitakazozidi mtume Sudan. Umeuliza ni dawa gani zinazohitajika zaidi, kibali kinatoka wapi, lori la nani ni nafuu, na fulana za vijana ziwe rangi gani. Nimesoma pia waliokujibu hapo juu. Wote mashallah, wote Mungu awajaalie, mmoja kasema fulana ziwe kijani. Hakuna hata mmoja aliyekwambia simama.

Sisi wa Malindi tuliipita njia hiyo. Ilikuwa Ramadhani, na nyoyo zilikuwa safi kuliko maelezo. Tulizunguka kwenye majumba ya Waitaliano, maana wengi wao hukaa hapa msimu wa baridi ya kwao, kisha wakiondoka huacha kabati limejaa dawa. Tukapita kwa jamaa, tukapita kwenye maduka ya dawa, kila mtu akatoa. Makatoni yakajaa madrasa nzima. Akina mama wakayafunga kwa utepe, shehe akasoma dua, lori likashika njia ya Garsen, Hola, Garissa, na jua la Tana River likilipiga turubai kutwa.

Kambini, kwenye ghala la kituo cha afya, alitupokea mfamasia, dada mmoja mpole wa kutoka Garissa. Hakutugombeza. Alitandika turubai sakafuni, akavaa glavu, akapasua katoni la kwanza.

Kilichotoka mwanzo ni zile dawa za homa za watoto zinazoingizwa kwa nyuma, Waitaliano wanazipenda sana. Hizo zimetengenezwa ziyeyuke kwa joto la mwili. Zilikuwa zimeyeyuka zote njiani, mafuta meupe yamepenya maboksi na kulowesha kila kilichokuwa chini yake. Chini yake kulikuwa na vidonge vya presha, ukanda umekatwa kwa mkasi, na kipande kilichokatwa ndicho kilichokuwa na tarehe ya kumalizika. Ikafuata chupa ya dawa ya kikohozi ya mtoto, imeshafunguliwa, shingo inanata, sisimizi wameshaingia. Ikafuata insulini, ambayo hutunzwa kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8, nayo imesafiri chini ya turubai lile lile na jua lile lile. Dada akainua boksi moja, akaligeuza mbele na nyuma, akatuuliza, "Hii ni ya nini?" Tukatazamana. Maandishi yote Kiitaliano, karatasi ya maelezo ilishatupwa zamani. Nyingine aliweza kuzikisia kwa jina la kemikali, lakini mfamasia si mtu wa kukisia. Akikosea, anayelipa ni mtoto wa mtu.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo penye hasara yenyewe. Nje ya ghala lile akina mama walikuwa wamekaa chini ya kivuli cha bati, watoto mapajani, wanangoja dirisha la dawa lifunguliwe. Halikufunguliwa alasiri ile. Mwenye kulifungua alikuwa ndani, amepiga magoti, anapepeta mabaki ya makabati ya Malindi. Tulikwenda kuwapa wagonjwa dawa, tukawanyang'anya mfamasia. Pesa ya lori nimeshaisahau, mdogo wangu. Hilo la dirisha sijalisahau wala sitaki nilisahau.

Na haikuishia hapo. Zilizofaa zilijaa kona moja ya turubai. Zilizobaki huwezi kuzitupa jalalani, kwa sababu watoto watazichokora, wajanja watazisafisha na kuziuza sokoni, na mvua ikinyesha zitaingia kwenye maji wanayokunywa watu. Dawa mbovu huteketezwa kwenye tanuri la joto kali, kwa utaratibu, mbele ya maofisa, na kwa malipo. Bili ililetwa kwetu, na ilikuwa haki iletwe kwetu. Tukafanya mchango wa pili, safari hii wa kuchoma tulichochanga mara ya kwanza.

Na huyo aliyetutia humo! Alikuja kwenye kikao chetu na koti la mifuko mingi, anazitaja kambi za Dadaab, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, kwa ufasaha wa mtu aliyezoea, tukamwamini. Mzee mmoja alimuuliza kama hizi dawa za nyumbani zitapokelewa. Akajibu, "Dawa ni dawa, mkimbizi hachagui." Akachukua chake cha uwakala kwenye nauli ya lori, akapiga picha zake, akapotea. Jina lake silitaji hapa, ila akija Lamu na maneno hayo mfungieni mlango. Mkimbizi hachagui? Mama aliyetoka Jilib, huko Somalia, kwa miguu na mtoto mgongoni, aliyezika mwingine njiani, yeye ndiye asiyestahili kujua anachomnywesha mwanawe? Mgeni akikufikia Lamu humpakulii kiporo cha juzi. Na miongozo inasema hivyo hivyo: dawa ambayo huwezi kumpa mgonjwa kwenu kwa sababu ya ubora wake, usimpe mgonjwa wa mwenzio kwa jina la msaada.

Ndiyo, miongozo ipo, na ingetosha yule bwana aisome mara moja. Shirika la Afya Duniani liliitoa mwaka 1996, likairekebisha 1999, kisha tena 2010. Dawa isitumwe bila anayepokea kuiomba au kuridhia. Iwe inatambulika kwenye orodha ya dawa za nchi inayopokea. Isiwe iliyoshatolewa kwa mgonjwa ikarudishwa. Ikifika iwe imebakiwa na angalau mwaka mmoja. Lebo iwe kwa lugha ambayo wahudumu wa huko wanaisoma, pamoja na jina la dawa lenyewe, si jina la kiwanda peke yake. Sasa chukua kasha lolote hapo Shela, limwage mezani, uhesabu ni ngapi zinazopita.

Usidhani miongozo hiyo waliitunga watu waliokosa kazi. Wakati wa vita vya ukombozi wa Eritrea zilipelekwa asprini zilizopitwa na muda, malori saba, na kuzichoma kulichukua miezi sita. Zikaja na chupa elfu 30 za maji ya dripu yaliyokwisha muda, ambazo hazikuweza kumwagwa karibu na makazi ya watu kwa uvundo wake. Bosnia nako, katika vita vya 1992 hadi 1995 na miezi iliyofuata, zilirundikana dawa zisizofaa zinazokadiriwa kufika tani 17,000, na gharama ya kuziteketeza ikakadiriwa kuwa dola milioni 34. Hizo zilitolewa na watu wema, wa nchi zenye hospitali kubwa na maghala ya kisasa. Sembuse sisi na madrasa yetu?

Najua utaniambia watu wa pwani hii wana historia ya kupokea. Kweli wanayo. Mwaka 1991 na 1992 majahazi yalipokuwa yakiingia Lamu na Malindi na watu wa Kismayu na Barawa, wazee wetu hawakungoja barua ya mtu. Walitoa vyumba, maji, nguo, wali. Wengine wakawekwa kambini Marafa, hapa nyuma ya Malindi. Lakini ule ulikuwa ukarimu wa macho kwa macho: unamwona mtu ana kiu, unampa maji. Dawa haiendi hivyo. Kambi za Dadaab zilianza 1991 kwa matarajio ya watu 90,000, na njaa ya 2011 ilipopiga Somalia juu ya vita, zilikaribia nusu milioni. Mahali pa watu wengi hivyo hapaendeshwi kwa vidonge vya kuokotezwa. Panahitaji dawa ile ile, ya kipimo kile kile, kwa maelfu, ili muuguzi aliyechoka saa tisa ya usiku asikosee.

Kwa hiyo swali lako la dawa gani zinahitajika, jibu langu ni hili na sina jingine: pesa. Pesa taslimu, kwa shirika ambalo tayari liko kambini na lina kituo, wauguzi na ghala, na msiwapangie wazitumie kwa kitu gani.

Tulipomuuliza yule dada ni nini kimewapungukia kweli, hakutaja hata kimoja tulichokuwa nacho. Alitaja chumvi za kurudisha maji mwilini kwa wanaoharisha, glavu, na mafuta ya jenereta ya friji ya chanjo. Nani atatumbukiza dizeli kwenye kasha la Shela? Na chanjo ikiharibika, surua ikiingia kambini, hakuna dawa ya kabatini itakayoizuia. Watu waliokimbia vita huuawa na vitu vya kawaida kabisa: surua, kuhara, nimonia, malaria, na utapiamlo unaovipa vyote hivyo nguvu. Niliona muuguzi akimpima mtoto mkono kwa ule utepe wa rangi. Chini ya sentimita 11 na nusu ni nyekundu, maana yake hali ni mbaya. Ulisimama kwenye nyekundu na kuacha nafasi ambayo sikujua mkono wa binadamu unaweza kuiacha. Mtoto yule hakuhitaji kidonge chetu chochote. Alihitaji vile vipakiti vya njugu za kusaga, maziwa na mafuta, gramu 92 kimoja, kalori 500, ale kila siku kwa wiki kadhaa. Katoni moja lina vipakiti 150 na laweza kumvusha mtoto mmoja. Hayo hununuliwa kwa pesa, kwa jumla, na wanaojua kuyanunua. Na tangu mgao wa chakula ukatwe vibaya mwaka 2025, tepe nyekundu hazijapungua.

Mashirika haya hayaanzi kubuni dharura ikifika. Yana makasha yaliyopangwa kabla, yenye dawa na vifaa vya kuwatosha watu 10,000 kwa miezi mitatu, kila kitu kina lebo na orodha. Shilingi yako inaingia kwenye mpango huo. Katoni lako linaingia njiani mwa mpango huo.

Na hilo la kutowafunga mikono msilidharau. Mtaanza kubishana kikaoni: hizi ziwe za watoto tu, hizi za Hagadera tu, hizi za sindano tu. Acheni. Mnakumbuka Desemba 26, 2004, bahari ilipofanya maajabu hadi huku kwetu? Madaktari Wasio na Mipaka, hawa waliopata Nobeli ya Amani mwaka 1999, walipokea michango mingi ya tsunami kuliko kazi waliyokuwa nayo kule Asia, wakawaambia watu hadharani waache kutoa kwa ajili ya tsunami na watoe kwa dharura yoyote. Pesa iliyofungwa jina la mahali pamoja haiwezi kukimbilia pengine mtu anapokata roho. Na hapo Sudan yako imejibika: vita vilivyoanza Aprili 15, 2023 vimewatawanya watu hadi Chad na Sudan Kusini, na shirika lenye watu pande zote hizo litajua wiki hii shilingi inahitajika wapi. Nyinyi mkiwa Langoni hamtajua, na lori la Mokowe halifiki huko.

Namba ya kutuma ichukueni ofisini kwao au kwenye tovuti yao wenyewe, asiwape mtu wa kati, hata akiwa na koti la mifuko mingapi. Wanaotaka kutoa zaka, UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ina mfuko wake wa zaka kwa wakimbizi, mwonyesheni shehe wenu masharti yake aridhike kwanza. Mweka hazina wenu aweke ujumbe wa M-Pesa na risiti ubaoni msikitini, kila mtu asome.

Zilizokwisha kuingia kwenye makasha zipelekeni kwa mfamasia wa hospitali hapo hapo Lamu, awaambie za kuteketeza ziteketezweje. Msizimwage baharini. Kisha rudini kwenye hizo hoteli mikono mitupu. Mwenye hoteli aliyekubali kasha likae mapokezi kwake hatakataa kutoa bei ya chumba kimoja kwa usiku mmoja. Anza na ile iliyojaza zaidi, kesho asubuhi, kabla wageni hawajashuka kunywa chai.