Umechaguliwa kuongoza wazima moto wa mtaa? Usikimbilie reflekta

Kuna kijana wa Kisumu ameniandikia inboksi, amechaguliwa kuongoza kikundi cha kujitolea cha kuzima moto mtaani kwao, anauliza waanze kununua reflekta, zile jaketi za kung'aa usiku, ama helmeti. Nimeona nijibu hapa juu si yeye peke yake anauliza.

Wiki iliyopita moto ulishika hapa kwetu mtaa wa Mukuru, Nairobi, usiku ukala nyumba tatu. Tatu tu! Kama unajua vile mabati yetu yamebanana utaelewa kwa nini natembea kifua mbele. Zimamoto ya kaunti walikuja, lakini gari halipiti kichochoro chetu, na maji yenyewe ni ya kununua kwa jerikani, kwa hivyo tuliuzuia na mtaimbo. Unachagua nyumba ambayo haijashika, unang'oa misumari ya pembeni, bati linavutwa, mbao zinaangushwa upande wa mbali na moto, moto ukifika hapo unakosa chakula. Shida ni kwamba hiyo nyumba ina mwenyewe na amesimama mlangoni anakuangalia.

Huyo mama hakubishana na sisi hata dakika. Alitoa watoto na karatasi zake akasema bomoeni. Unadhani ni kwa sababu tulikuwa na reflekta? Ni kwa sababu tulikuwa tumekaa na mzee wa nyumba kumi, wenye ploti na wapangaji tukakubaliana kitambo, nyumba ikibomolewa kuokoa wengine, ndiyo inajengwa ya kwanza kabla hata ya zile zimeungua. Jumamosi alikuwa amerudi ndani ya nyumba yake.

Hiyo mikutano inachosha, sitakudanganya, watu wanakuja wamechelewa wanaanza kuongea mambo ya choo. Fanya tu.

Ile imeniuma mpaka leo ni ya TV. Kuna moto tulizima miaka imepita, asubuhi mtu akasema TV yake imeibwa na vijana wangu, vijana ambao mikono ilikuwa na malengelenge! Tukaitwa kituoni, na ilipopatikana kwa jirani hakuna aliyekuja kusema pole. Wawili wakaacha kikundi, wakaenda boda, na siwezi kuwalaumu. Tangu hapo kijana wangu hagusi vitu vya mtu, vinatolewa na wenyewe na vinalindwa na kina mama wa chama. Kijana, weka hiyo sheria kabla hujanunua hata ndoo.

Halafu moto wenyewe umebadilika. Kitambo ilikuwa koroboi na stovu ya mafuta taa, lakini 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa, na siku hizi karibu kila nyumba naingia ina mtungi wa gesi wa kilo 6. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini kwa chini mpaka kwa jiko la jirani. Watu hapa hawafai kusahau, 12 Septemba 2011 petroli ilivuja kwa bomba pale Sinai watu wakakimbilia na ndoo, zaidi ya 100 wakafa. Kwa hivyo wafundishe vijana kufunga mtungi kama bado unafikika, kuhamisha watu, na stima ya sambaza, ile ya kuunganishwa kienyeji, ikatwe kwanza na fundi anayejua waya zinatoka wapi, hakuna kumwaga maji kwa waya. Wazee wa kikundi watakuambia wamezima moto tangu zamani hawahitaji mafunzo. Waheshimu, lakini asiyekuja mazoezi asishike mtaimbo, hata kama ni mjomba wako.

Na ule mheshimiwa unasema anataka kuwaprintia tisheti zenye sura yake, mwambie asante sana, lakini alete mitaimbo, glavu ngumu na mapipa ya mchanga. Akinyamaza hapo, basi endeleeni na mchango wenu wa M-Pesa.