Moto usio na moshi kwenye kabini ya lori

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni dereva wa lori. Nilizoea kushusha makaa ya mawe kutoka Mbinga hadi bandarini Mtwara, sasa tajiri kapata kazi ya viazi na napakia Njombe. Kipupwe hiki tunalala kwenye kabini mimi na utingo, na sisi watu wa pwani baridi ile hatuiwezi. Kuna hita ndogo ya gesi, muuzaji anasema haitoi moshi, kwa hiyo haina madhara, mradi niache dirisha wazi kidogo. Wenzangu wanaingiza jiko la mkaa likishakolea. Hita ya dizeli nimeiona ila bei kubwa. Nichukue ipi? (Dereva, Mikindani)

JIBU: Marahaba. Chukua ya dizeli. Kama fedha haijatimia, nunua mablanketi mazito na uendelee kudunduliza. Ya gesi achana nayo, na jiko lisivuke mlango wa kabini.

Kila kipupwe kikiingia nasikia maneno hayahaya, kwamba moto usio na moshi ni salama, na yananiudhi kwa sababu yanaua. Kinachoua ni kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Mkaa uliokolea ukawa mwekundu, bila moshi hata kidogo, unaitoa kwa wingi. Moshi angalau ungekukohoza ukatoka nje. Hii inakukuta usingizini na kukuacha hapo hapo. Inashikana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, kama abiria aliyekalia siti akakataa kushuka, na oksijeni inakosa pa kukaa.

Hilo dirisha wazi kidogo, nani amelipima? Upepo ukigeuka hewa haiingii. Saa nane usiku utingo anatetemeka, anapandisha kioo wewe umelala. Wengine huniambia wanaweka beseni la maji karibu na jiko ili lifyonze sumu. Maji hayafyonzi gesi hii, na anayewafundisha watu hivyo anawapeleka kaburini.

Hita ya gesi ya kubeba nayo inawaka ndani mlimo, inakula oksijeni ileile mnayovuta. Hewa ikipungua moto unaungua vibaya na kutoa sumu ileile. Tena kila kilo ya gesi ikiungua huzaa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, ndiyo maana asubuhi vioo vinatiririka na godoro limelowa. Ya umeme kupitia inveta usiifikirie: wati 1,000 kwenye betri za volti 24 ni zaidi ya ampea 40, alfajiri lori haliwaki.

Ya dizeli inachoma mafuta ndani ya chuma kilichofungwa, inavuta hewa ya moto wake kutoka nje na kutupa moshi wake nje. Inayowafikia ninyi ni hewa ya kabini iliyopitishwa juu ya chuma cha moto. Kilowati 2 zinatosha kabini ya kulala watu wawili, na haili zaidi ya kama robo lita kwa saa. Hakikisha ni ya volti 24. Kisha muulize muuzaji habari ya mwinuko, maana wengi hapo hukwama. Mtwara tuko usawa wa bahari, Njombe ni karibu mita 2,000. Kule hewa ni nyepesi, hita iliyopangwa kwa huku chini itachoma mafuta mengi kwa hewa kidogo, itajaa masizi na kuzima. Tafuta inayorekebishika kwa mwinuko.

Usimpe kazi fundi wa kubahatisha. Nimewahi kufungua hita ambayo maungio ya eksozi yalikuwa ndani, chini ya kitanda, yamezungushiwa mpira wa tyubu. Mpira umeungua na sakafu yote nyeusi kwa masizi. Eksozi isiwe na kiungo chochote ndani ya kabini, na mdomo wake utokee pembeni, mbali na tundu la kuvutia hewa. Ukizima, zima kwa swichi yake, feni imalize kuipoza, usikate umeme. Na weka kengele ya kaboni monoksidi karibu na vichwa vyenu.

Hata wasioendesha malori wanisikie. Umeme ukikatika, wenye maduka huku kwetu huwasha jenereta chumba cha nyuma na kufunga mlango wezi wasiibe. Gesi ni ileile. Mtu akiamka kichwa kinagonga, anatapika, miguu haina nguvu, mtoeni nje mara moja na mpelekeni hospitali awekewe oksijeni, hata kama anasema amepata nafuu. Mwambieni daktari kulikuwa na moto au jenereta ndani, maana dalili hizo, huku kwetu, kila mtu atadhani ni malaria.