Maji Baridi Yaliponiunguza

Mzia yule (barakuda) tulimvua wenyewe, meli ikiwa imetia nanga Bahamas. Mnono, mbichi kabisa. Kichwa nikakichukua mimi, maana mtu wa Mombasa haachi kichwa cha samaki kitupwe. Usiku nikatapika na kuharisha. Asubuhi midomo imekufa ganzi, na maji ya friji nikiyagusa yananichoma kama uji wa moto.

Nilirudi nyumbani vidole bado vinawaka. Zahanati ya kwanza wakanipima malaria. Siwalaumu, sikuwaambia habari ya samaki. Kwenye simu nako nilikosea vilevile: naandika "ganzi" na "uchovu", naletewa kisukari na kiharusi, hadi nikaanza kuwaza wosia. Siku nilipoandika jina la samaki, mahali nilipomla, na maji baridi yanayounguza, jibu likaja papo hapo: siguatera, ugonjwa wa kula samaki mwenye sumu. (Ukiitafuta, weka c mahali pa s.) Kwa hiyo anza na ulichokula, dalili zifuate.

Sumu yenyewe hutoka kwa mwani mdogo mno wa kwenye matumbawe. Samaki wadogo huula, wakubwa huwala wadogo, sumu ikazidi kujilimbikiza, hasa kichwani na kwenye maini. Haina harufu wala ladha, na moto hauiondoi. Baharia mwenzangu aliijaribu nyama kwa sarafu ya fedha, aone kama itageuka nyeusi. Haikugeuka, naye akaharisha kunishinda.

Tovuti nilizoziamini ni mbili, zote za bure: Yellow Book, mwongozo wa afya ya wasafiri wa CDC, shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa, sura ya sumu za baharini, na MSD Manual, kitabu cha tiba. Wauza dawa za "kusafisha sumu" niliwapita, kwani siguatera haina kiuasumu. Hutibiwa dalili tu. Daktari wa pili nilimpa simu, akasoma mbele yangu, akanikataza samaki, pombe na korosho kwa miezi 6. Korosho ndizo zilizoniuma.

Ukila kome au chaza na midomo ikafa ganzi, usipekue simu. Sumu yao inaweza kusimamisha pumzi. Kimbilia hospitali yenye mashine ya kupumulia. Na kasa usimle kabisa: Machi 2024, Kisiwa Panza, Pemba, nyama yake iliua watu 9, 8 kati yao watoto.

Kabla ya safari iliyofuata niliuhifadhi ukurasa wa siguatera kwenye simu, maana katikati ya bahari mtandao ni wa bahati. Mpishi nikamchapia nakala, akaibandika juu ya jiko.