Kabla Hujanunua Spana ya Kwanza

Pikipiki nyingi za zamani ninazoziona hapa Malindi zimefika kwa mwenyewe mpya bila mfuko wake wa zana. Spana ziliazimwa zikapotea, bisibisi ikageuzwa patasi, na spana ya plagi ikahamia kwenye mashua ya mtu. Mwenye pikipiki akishatengeneza injini na kupiga rangi tangi, ndipo anapoinua kiti na kukuta pale pa zana pamejaa matambara. Kama uko hapo sasa hivi, maneno haya ni yako. Mimi nauhesabu mfuko ule kuwa sehemu ya pikipiki sawa na tangi na taa, kwa sababu kiwanda kiliupanga kufuata nati za mashine ile ile.

La kwanza ni kutonunua chochote. Wageni wa kazi hii huanza na spana: wameona chuma cha zamani, kimeandikwa jina la kigeni, wanalipa. Baadaye wanakuwa na kilo kadhaa za vyuma na hakuna hata kimoja kilichotoka na pikipiki yao. Anza na kitabu cha vipuri cha modeli yako na mwaka wako. Nakala nyingi zimepigwa picha na zimo kwenye intaneti. Tafuta ukurasa wa zana, uuchapishe, uubandike ukutani.

Honda wamekurahisishia sana hapa. Seti nzima ya zana huanza na namba 89010, na tarakimu tatu za katikati zinazofuata ndizo zinazotaja modeli. Kila zana nayo ina namba yake. Spana ya 10 kwa 12 ni 99001-10120, na ya 14 kwa 17 ni 99001-14170. Ukitazama vizuri, ukubwa umo ndani ya namba yenyewe. Ukishalielewa hilo, muuzaji wa mbali hawezi kukuuzia maneno, maana unamtumia namba, naye anakutumia picha ya maandishi yaliyo kwenye chuma. Spana nyingi za Honda za miaka hiyo zina jina KOWA.

Bisibisi ya nyota iliyotoka na pikipiki ya Kijapani usiidharau. Skrubu za Kijapani za zamani zilifuata kipimo chao, JIS, na zile zilizowekwa alama zina nukta ndogo kichwani. Bisibisi ya nyota ya kawaida ya dukani haikai mpaka chini ya nyota hiyo, basi ukiibana huruka na kuila skrubu. Vifuniko vingi vya injini vilivyo na skrubu zilizochakaa hapa mjini vimeharibiwa hivyo, wala si uzee.

Spana ya plagi nayo haifanani kwa pikipiki zote. Honda C70 hutumia plagi ya uzi wa milimita 10, na spana yake ni ya 16. Honda CG125 ina plagi ya uzi wa 12, spana ya 18. Yamaha nyingi za two-stroke hutumia plagi ya uzi wa 14, na spana yake ni ya 20.8, ile ambayo mafundi huiita ishirini na moja. Pima plagi kabla hujapima bei.

Sasa tuje kwa Mwingereza, maana hapa ndipo vijana wengi hukata tamaa, na ndipo mimi napapenda kuliko pote. Una BSA au Triumph ya miaka ya 1950, umeokota spana imeandikwa 1/4 W. Unaipima mdomo, unapata kama milimita 13.3, inchi 0.525. Mbona robo inchi imekuwa kubwa hivyo? Kwa sababu namba ile haisemi upana wa mdomo, inasema unene wa bolti. Ndivyo mpango wa Joseph Whitworth, mhandisi aliyeutoa mwaka 1841, ulivyokuja kusomwa. Na mdomo huo huo huenda ukakuta umeandikwa pia 5/16 BS, kwani katika BS, kipimo kingine cha Kiingereza, bolti nene zaidi ilipewa kichwa kidogo. Ni spana moja yenye majina mawili, na yote mawili ni sahihi.

Matokeo yake unayaona gereji. Fundi aliyezoea Boxer anachukua namba 13, haiingii. Anachukua 14, inacheza, anakaza hivyo hivyo, na nati inabaki mviringo. Pikipiki ya Kiingereza isiguswe kwa spana za milimita. Mwishoni mwa miaka ya 1960 viwanda vyao vilianza kuhamia nyuzi nyingine, na spana zake huandikwa AF, yaani namba yake ni upana wa kichwa cha nati kwa inchi. Kwa hiyo ukiuziwa "mfuko halisi" wa pikipiki ya 1955 ukiwa na spana zote za AF, jua umekusanywa na mtu mwingine. Majina kama King Dick na Shelley utayakuta kwenye zana za Kiingereza za enzi hizo. Kama pikipiki ina magneto ya Lucas, yaani kile kifaa kinachozalisha umeme wa cheche ya plagi, itafute ile spana yake ndogo yenye bamba jembamba la kupimia nafasi ya pointi, inchi 0.012. Ni kitu kidogo sana, hupotea cha kwanza na hupatikana cha mwisho.

Wenye BMW, someni nchi. Zana iliyoandikwa "W. Germany" au "Western Germany" ilitengenezwa baada ya vita na kabla ya 1990. Haiwezi kuwa ya pikipiki ya 1938, hata muuzaji aape.

Kwa kutafuta, Malindi si pabaya. Waitaliano wako hapa tangu enzi za kituo cha San Marco kule Ngomeni, kilichorusha setilaiti mwaka 1967, na nyumba zinapouzwa au kuhamwa hutoka masanduku ya zana ambayo mlinzi au mtunza bustani ndiye anayejua yako wapi. Zungumza nao kwa heshima, na ulipe haki yao. Wazee waliokuwa mafundi wa mashua na majenereta wana spana za inchi ambazo hawajazigusa miaka mingi. Usimwendee mzee na bei mdomoni. Amkia, kaa, mwonyeshe picha ya unachotafuta. Akitaka kutoa atatoa. Kwa wauzaji wa vyuma chakavu nenda mapema, kabla mzigo haujapakiwa kwenda Mombasa.

Ukishapata, zuia mkono wako. Usiipeleke spana kwenye mashine ya kusagia. Alama iliyofinyangwa pamoja na chuma ndiyo ushahidi wako, na brashi ya waya ya umeme huifuta kwa dakika moja. Ndimu na siki huondoa kutu, ni kweli, lakini asidi hiyo hiyo hula zinki na ile rangi nyeusi ya kiwandani. Zana ambayo bado ina mng'aro wake ilowekwe kwenye mafuta ya taa, isuguliwe kwa kitambaa. Iliyobaki chuma kitupu chenye kutu nzito, itumbukize kwenye maji yenye magadi, ufunge waya hasi wa chaja ya betri kwenye zana na chanya kwenye kipande cha chuma cha kawaida. Usitumie chuma cha pua, hutoa sumu ndani ya maji. Ifanyie uwanjani mbali na moto, maana mapovu yale ni hidrojeni. Ikitoka, kausha papo hapo na upake mafuta.

Mfuko wa kitambaa fundi cherehani wa turubai atakushonea vizuri akipewa vipimo. Ule wa plastiki wa Kijapani ni bora uutafute wa zamani, lakini usizifungie zana humo kwa pwani hii. Chumvi ikiingia na unyevu haina pa kutokea. Zana zangu za asili hukaa nyumbani zimeviringishwa kwenye kitambaa chenye mafuta, na nikienda Mombasa kwa pikipiki, zile kilomita kama 120, nabeba spana mpya za kawaida zenye vipimo vile vile. Zana za Kihindi za vipimo vya Whitworth zinafaa sana kwa kazi hiyo.

Na pakibaki pengo, liache pengo. Usilijaze kwa spana inayofanana. Andika namba yake kwenye karatasi, uiweke ndani ya mfuko mahali pake, na nakala moja uitie kwenye pochi, kwani duka lenye droo ya spana za zamani utalikuta siku ambayo hukutoka kwenda kununua spana.