Maswali na Majibu: Boudin Hupashwa, Haipikwi Upya

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wasomaji wa Texas na Louisiana, ambako friza za maduka zimejaa soseji za Wacajun, watu wa Louisiana wenye asili ya Kifaransa: boudin, ambayo wenyeji huitamka "budan", na zile za moshi. Nimeunganisha maswali yaliyofanana.

Shangazi, shikamoo. Nimehamia Lafayette karibuni. Nilinunua boudin ya friza nikaichemsha kama soseji nyingine. Zote zilipasuka, nikabaki na uji wa wali na nyama. Nilikosea wapi? (Mgeni, Lafayette)

Marahaba. Ulikipika kitu kilichokwisha kuiva. Boudin hutengenezwa kwa nyama ya nguruwe, mara nyingi ya bega, pamoja na maini. Vyote huchemshwa hadi vilainike, vikasagwa, vikachanganywa na wali ulioiva, vitunguu, majani ya vitunguu na pilipili, ndipo vikashindiliwa ndani ya utumbo. Ukiitupa kwenye maji yanayochemka kwa fujo, wali unafura kwa ndani na utumbo unajikunja kwa nje. Hapo haina budi kupasuka.

Iache iyeyuke ndani ya friji usiku kucha. Kesho yake chemsha maji, zima moto, tumbukiza boudin, funika, subiri dakika 10 hadi 15. Au ipike kwa mvuke wa moto mdogo kwa muda kama huo. Kama una kipimajoto cha nyama, katikati pasome nyuzi 165 za Fahrenheit, yaani 74 za Selsiasi.

Mimi napendelea oveni. Washa nyuzi 350 za Fahrenheit, paka boudin mafuta kidogo, ipange kwenye trei zisigusane, igeuze mara moja. Dakika 20 hadi 25 zinatosha. Utumbo unakauka na kuwa mwembamba, unakatika vizuri chini ya meno, na unaweza kuula wote. Ile ya maji au mvuke ngozi yake hubaki ngumu kama mpira, ndiyo maana wenyeji wengi huitupa.

Dada, mimi hutoka kazini saa moja usiku na nimesahau kuitoa friza. Naweza kuipika na barafu yake? Au niiache mezani asubuhi niikute imeyeyuka? (Mama wa Zamu, Baton Rouge)

Mezani, hapana. Hapo sitakubembeleza, kwa sababu boudin ina wali. Kuna bakteria anayeitwa Bacillus cereus ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ulioiva ukikaa kwenye joto la chumba, mbegu hizo huamka, bakteria huzaana, na sumu inayoletwa na baadhi yao haiondoki hata ukiupasha tena mpaka utoe moshi. Usiiache nje zaidi ya saa mbili. Siku joto likizidi nyuzi 90 za Fahrenheit, na Baton Rouge unaijua mwenyewe, mwisho ni saa moja.

Kuipika ikiwa na barafu kunawezekana. Mvuke, moto mdogo, karibu nusu saa, kisha hakikisha katikati pamepata moto. Ukiwa na muda kidogo, itie pakiti nzima, ikiwa imefungwa isiingize maji, kwenye bakuli la maji baridi. Badilisha maji kila dakika 30, na ikishayeyuka ipashe papo hapo.

Mikrowevu pia inafaa kwa mtu mmoja mwenye njaa: toboa utumbo, funga kwa karatasi ya jikoni iliyoloa, tumia nguvu nusu. Itakayobaki iingie friji mapema na iliwe ndani ya siku tatu au nne.

Mama, habari. Soseji ya moshi imekwisha iva na moshi, sivyo? Mume wangu anaikata na kuila hivyo hivyo kutoka pakiti. (Mama Mapacha, Houston)

Inategemea pakiti, na rangi isikudanganye. Kuna soseji za moshi zilizoivishwa kabisa kiwandani, na kuna zilizopitishwa moshini kwa ladha tu huku nyama ya ndani ikiwa bado mbichi. Zote mbili ni nyekundu, zote zinanukia kuni. Soma lebo. Kama haisemi wazi kwamba imeiva, au inakuagiza uipike kabla ya kula, basi ni mbichi: ipike mpaka katikati pafike nyuzi 160 za Fahrenheit, 71 za Selsiasi; ikiwa ya kuku au bata mzinga, 165, yaani 74. Mzee aisome lebo kwanza, ndipo achukue kisu.

Sasa nikwambie namna ya kuitendea haki. Ikate vipande vya mviringo ikiwa bado ina ubaridi wa barafu, maana hapo haikimbii kisu. Tia kwenye kikaango bila mafuta, moto wa wastani, uiache itoe mafuta yake na kupata rangi pande zote mbili. Iondoe. Katika mafuta yale yale kaanga vitunguu, pilipili hoho na selari, vitu vitatu ambavyo mapishi mengi ya Louisiana huanza navyo. Kutoka hapo unaweza kwenda kwenye gumbo, ule mchuzi mzito wa Louisiana, jambalaya, wali unaopikwa pamoja na nyama, au maharage mekundu.

Kwa jikoni letu, nenda kwenye maharage. New Orleans hupika maharage mekundu kwa wali siku ya Jumatatu, desturi ya zamani ya siku ya kufua: sufuria inajipikia polepole huku mama yuko kwenye ndoo. Louis Armstrong, mwana wa mji ule, alikipenda chakula hicho hata akawa anakitaja kwenye salamu za mwisho za barua zake. Ukipata andouille, ile soseji nene ya moshi ambayo mji wa LaPlace unajivunia, ni bora zaidi. Chumvi usitie mpaka uonje mwishoni. Soseji imekwisha kuleta yake.

Asalaam aleikum. Nimeona boudin ya kuku dukani. Kwa kuwa haina nguruwe, naweza kula? (Msomaji, Houston)

Waaleikum salaam. Angalia ngozi kabla ya nyama. Boudin ya kuku, au hata ya kamba, mara nyingi hujazwa kwenye utumbo wa nguruwe. Sheria ya Marekani inataka lebo itaje utumbo umetoka kwa mnyama gani ikiwa si yule wa nyama iliyomo, kwa hiyo maandishi madogo yasome yote. Na hata utumbo ukiwa salama, bado kuna swali la uchinjaji. Bila alama ya halali, mimi nisingenunua.

Afadhali upike yako bila utumbo. Chemsha kilo moja ya mapaja ya kuku yasiyo na mifupa pamoja na gramu 200 za maini ya kuku, vitunguu, pilipili manga na pilipili kali. Saga kwa chengachenga, usifanye laini. Changanya na vikombe vinne vya wali ulioiva, majani mengi ya vitunguu, na supu ya kutosha mpaka mchanganyiko uonekane umelowa kupita kiasi. Usiogope, wali utainywa. Ukipoa kwenye friji, viringa madonge, pitisha kwenye yai na chenga za mkate, kaanga. Wacajun hufanya hivi na boudin yao na huuzwa kila mahali. Madonge yasiyokaangwa hukaa vizuri friza.

Jirani Mkenya ananiuliza kama boudin ni mutura. Nimjibu nini, na niipakue na nini? (Kaka wa Kona, Dallas)

Mjibu kwamba ndugu wa kweli wa mutura, ile soseji ya Kenya ya utumbo na damu, ni boudin nyekundu, yenye damu, ambayo siku hizi ni nadra madukani. Zamani majirani walikusanyika majira ya baridi kuchinja nguruwe, wakagawana kazi na nyama, na boudin ililiwa siku hiyo hiyo.

Leo huliwa zaidi kituo cha mafuta, mtu ameegemea gari lake. Unauma ncha, unaikamua kwa meno na vidole, unashushia kahawa au soda. Kando ya barabara kuu ya I-10, mji wa Scott ulitangazwa na bunge la Louisiana mwaka 2012 kuwa makao makuu ya boudin duniani, na asubuhi foleni ipo.

Nyumbani ipakue na haradali ya punje na biskuti za chumvi. Kachumbari yenye ndimu nyingi inaikata vizuri ile ladha nzito ya maini. Wali pembeni usiweke, umo ndani tayari. Ugali nao ni mzigo juu ya mzigo.

Niliagiza kwa posta, boksi likafika limelainika. Nirudishe friza? (Msomaji, Atlanta)

Ukiona bado ina chembe za barafu, au kipimajoto kinasoma nyuzi 40 za Fahrenheit kushuka chini, rudisha friza. Ladha itapungua kidogo, basi. Ikiwa imepata uvuguvugu, itupe na udai pesa zako. Na ile barafu kavu ya ndani ya boksi usiishike kwa mkono mtupu wala kuitia kwenye sinki. Iache penye hewa, mbali na watoto, itapotea yenyewe.