Mzigo wa keria na mzigo wa mgongoni: ninavyofungasha nikipanda Kalinzi

Mara ya kwanza nilipopanda Kalinzi, kwenye milima ya kahawa ya Kigoma, kwa baiskeli, kila kitu changu kilikuwa kwenye boksi moja lililofungwa juu ya keria. Ilikuwa Oktoba, mvua za kwanza zinaanza kugusa ardhi. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tumepanga hivi: asubuhi tunashika barabara ya Manyovu kutokea Mwandiga, mchana tunaacha baiskeli nyumbani kwa mama mmoja tunayefahamiana naye, kisha tunatembea kwa miguu mpaka juu ya milima tukalitazame ziwa.

Kupanda tulipanda. Shida ilianza tuliposhuka kwenye baiskeli, maana boksi halibebeki mgongoni. Tukachomoa tulichoweza kushika: chupa mbili za maji, simu, maandazi. Sweta nikaliacha, kwa kuwa jua lilikuwa linachoma na mikono imejaa. Saa kumi jioni mvua ikatukuta juu, upepo unavuma, kila mtu na shati moja mwilini. Mdogo wangu alitetemeka mpaka vidole vikashindwa kufunga kamba za viatu. Tuliporudi, yule mama alimtazama mara moja tu, akaingia ndani, akatoka na blanketi na kitenge.

"Mwanangu," aliniambia mimi niliye mkubwa, "huku si Ujiji. Jua likiinama tu, baridi inashuka."

Maneno yale nimeyabeba mpaka leo. Ziwa Tanganyika liko mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari, na milima hii inayolimwa kahawa inafika mita 1,500 na zaidi. Kwa tofauti hiyo unapoteza nyuzi nne au tano za joto kabla hata mvua na upepo havijaja. Anayetoka Mwanga au Gungu, kule Kigoma mjini, asubuhi akiwa anatoka jasho haamini. Naomba uniamini mimi: sweta na koti la mvua havibaki na baiskeli, hata jua liwe kali kiasi gani.

Tangu siku ile, kabla ya kufunga chochote najiuliza swali moja. Baiskeli ikilala kwa watu, kitu hiki kinalala nayo au kinakwenda na mimi? Cha kulala kinaingia mifuko ya pembeni ya keria. Cha kwenda na mimi kinaingia begi la mgongoni, na begi hilo linafungwa juu ya keria likiwa tayari limepangwa, ili nikifika nilifungue na kuondoka bila kuanza kupekua vitu kando ya barabara. Njiani silivai. Begi zito mgongoni juu ya baiskeli linaumiza kiuno, na kwenye kona za mteremko linakuyumbisha.

Mifuko ya pembeni nilishonewa na fundi wa maturubai, kwa turubai la lori lililochakaa. Inadumu na maji hayapenyi kirahisi. Kufunga natumia mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu, kama wafanyavyo vijana wanaopeleka mkaa na ndizi mjini. Kamba ya katani inalegea kila baiskeli ikirukaruka, mpira unazidi kung'ang'ania. Na kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, usije na ile mifuko ya nailoni ukitegemea kukingia nguo mvua. Nguo kavu naziweka kwenye kiroba kisafi cha salfeti nilichokunja mdomo mara mbili. Simu na vitambulisho vinakaa kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana.

Viatu ni jozi moja tu. Raba ngumu ya soli yenye meno, isiyoteleza kwenye pedeli na isiyopinda ovyo ukikanyaga jiwe. Viatu vya kunasia pedeli viache, maana ukianza kupanda mlima kwa miguu vinageuka mzigo. Kandambili zinatosha za jioni. Soksi ndizo naongeza, jozi tatu, kwa sababu soksi mbichi ndiyo inayozaa malengelenge, na malengelenge ya siku ya kutembea utayalipia siku ya kurudi.

Kwa sisi wanawake naongeza kanga mbili. Ya kwanza najifunga nikiingia kwenye nyumba za watu na nikipita vijijini, maana suruali ya kuendeshea baiskeli si vazi la kumsalimia mzee nalo. Ya pili ni taulo, ni shuka, ni pazia la kubadilishia nguo. Sijaona kitu chepesi kinachofanya kazi nyingi kama kanga.

Sasa vifaa vya baiskeli, na hapa naomba utulie, maana ndipo wengi wanapokwama. Baiskeli yangu ni ya mtumba, ya gia, tairi saizi 26. Niliichagua hivyo kwa makusudi. Huku vijijini baiskeli nyingi ni zile ndefu za saizi 28, na za mlima za saizi 26 zinafuata. Ukija na saizi ya peke yake ya Ulaya, tairi likichanika utasubiri mtu akutumie jingine kwa basi. Tyubu zangu zina valvu nene kama ya pikipiki. Kila kijiwe cha bodaboda kina pampu inayoingia hapo. Ile valvu nyembamba ya baiskeli za mashindano itakuacha unasukuma mbele ya mafundi watano wenye pampu zao mkononi.

Pamoja na hayo nabeba tyubu moja mpya, viraka, solusheni ambayo haijafunguliwa (iliyofunguliwa hukauka ndani ya kasha ukiwa huna habari), pampu ndogo, vyuma viwili vya kuvulia tairi, spana ya kulegezea gurudumu, kipande cha cheni na kichupa cha mafuta ya cherehani. Vumbi jekundu la huku linakula cheni, na tone moja la mafuta kila jioni linaokoa mengi. Spoku mbili nazifunga kwa utepe kando ya fremu.

Kisha mipira ya breki, jozi nzima mpya. Watu wanafikiria kupanda tu. Lakini ulichokipanda asubuhi utakishuka kesho yake, ukiwa na mzigo, kwenye lami yenye kona, malori na watoto wanaovuka. Mimi breki ya nyuma iliwahi kuniishia katikati ya mteremko, nikamaliza kipande kile kwa miguu nikiishikilia baiskeli isiniburute. Kubadilisha mipira ile ni kazi ya dakika kumi. Nabadilisha kabla ya kuanza kushuka, siyo ikishaisha.

Vifaa vyote hivi vinalala na baiskeli. Usipande mlima na spana mgongoni.

Begi la mgongoni lina lita tatu za maji kwa siku ya kutembea, na vidonge vya kutibu maji kwa ajili ya kujaza tena; soma kipimo kwenye pakiti, maana havifanani. Maji ya kijito cha mlimani yanaonekana kama kioo, lakini huko juu kuna mashamba, watu na mifugo. Nina pakiti mbili za ORS, za kurudishia maji na chumvi mwilini. Zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, vinafanya kazi hiyohiyo. Kuna plasta, bandeji, dawa ya maumivu, filimbi, na chandarua chepesi kinachokunjika kikawa kidogo kama mkate. Kigoma yetu ina malaria nyingi, na mtu aliyechoka hulala popote. Ukipata homa njiani, ingia zahanati upimwe kwanza, usimeze dawa mseto kwa kubahatisha.

Chakula sikipi uzito mkubwa. Karanga za kukaanga, mihogo ya kuchemsha ya siku ya kwanza, asali kwenye chupa iliyofungwa vizuri. Ndizi utazikuta hukohuko.

Kuna jambo moja la saa ambalo wageni kutoka Dar es Salaam hulisahau. Kigoma tuko magharibi kabisa mwa nchi lakini saa yetu ni moja na yao, kwa hiyo jua huku huchomoza karibu saa moja asubuhi, na mwezi wa saba huipita saa moja. Ukisema utaondoka saa kumi na moja na nusu kukwepa joto, utaendesha gizani zaidi ya saa nzima. Beba taa nyeupe ya mbele, nyekundu ya nyuma, na tochi ya kichwani ambayo utaihamishia kwenye safari ya miguu. Jioni nayo inakurudishia ulichokosa, kwani mwanga unakaa mpaka saa moja hivi.

Kitambulisho cha taifa usikiache nyumbani. Barabara hii inakwenda mpakani, Burundi iko jirani, na kuulizwa wewe ni nani ni jambo la kawaida. Noti ndogo ndogo pia, maana mwenye genge hana chenji ya elfu kumi asubuhi.

Ukisimama juu ya ile milima na kutazama magharibi, kati yako na ziwa kuna Hifadhi ya Gombe, ambako Jane Goodall alifika Julai 1960 kuwachunguza sokwe. Usishawishike kushuka kwa njia ya mkato. Gombe inaingiwa kwa boti kutoka Kigoma, kwa kibali na mwongozaji, na baiskeli inabaki mjini. Ukienda, ongeza barakoa kwenye begi, na kama una mafua ahirisha, kwa kuwa mafua yetu yanaweza kuwaua wale wanyama.

Shemeji yangu wa Tabora huniambia orodha yangu ni ya watu wa milima. Ni kweli. Kwao ardhi ni tambarare na adui ni mbung'o wa miombo. Ukielekea Uvinza na kuvuka Malagarasi kwenda huko, ondoa nguo za bluu na nyeusi, zinawavuta mno. Vaa za rangi ya kaki, mikono mirefu.

Septemba hii tunapanda tena, mimi na mdogo wangu. Siku moja kabla nitashuka mwalo wa Kibirizi kununua dagaa wakavu, na nimeangalia kalenda nisiangukie mbalamwezi, maana usiku wa mwezi mpevu taa za wavuvi hazivuti kitu na bei inapanda. Kilo mbili ni za yule mama wa kitenge. Nitazifunga mwisho, juu ya kila kitu, kwa sababu ndizo zitakazotoka kwanza.